Pilipili Hoho na Tundu Lisilofika Milimita

Mwanzoni mwa Agosti 1930, huko Carmel, California, mpiga picha Edward Weston alirudi kwenye kazi aliyokuwa ameianza miaka ya nyuma: kupiga picha pilipili hoho. Kwanza aliiweka mbele ya kitambaa na kadibodi nyeupe, asiridhike. Alipiga tena na tena, negativi zisizopungua 30 kwa siku chache tu. Picha iliyopewa namba 30 ndiyo iliyopata umaarufu mkubwa.

Kisha akageukia mwanga. Alilaza faneli kubwa ya bati ubavu, akaiweka hoho mdomoni mwake. Bati likaurudisha mwanga kutoka kila upande, ukapita juu ya mikunjo na kuingia mabondeni, vivuli vikalainika bila kufutika.

Ikafuata kamera: kubwa, ya filamu ya inchi 8 kwa 10, yenye lenzi ya Zeiss ya sentimita 21. Mwenye kamera ya aina hii hujifunika kitambaa cheusi, akaitazama taswira ikiwa kichwa chini kwenye kioo cha nyuma, huku akisogeza lenzi kidogo kidogo. Kitu kikiwa karibu hivyo, sehemu inayoonekana vizuri huwa nyembamba mno. Ukilenga tumbo la hoho, kikonyo kinafifia; ukilenga kikonyo, tumbo linapotea.

Dawa yake ni kubana tundu la lenzi. Namba ya tundu hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi ya lenzi kwa upana wa tundu, kwa hiyo namba ikipanda, tundu linapungua. Lenzi ya Weston iliishia f/36, tundu la karibu milimita 6. Halikumtosha. Mjukuu wake, Kim Weston, amesimulia kwamba alitoboa tundu lake mwenyewe kwenye kipande chembamba cha chuma, akafika f/240. Piga hesabu: milimita 210 kwa 240, haifiki hata milimita moja.

Tundu hilo hupitisha mwanga mara 44 pungufu ya lile la f/36, na filamu nayo huwa nzito kuitikia mwanga hafifu, hivyo muda hurefuka zaidi ya hesabu. Picha moja, kwa masimulizi hayohayo, ilichukua kati ya saa 4 na 6. Muda wote huo meza isitikisike, hoho isilegee, mwanga uendelee kujikusanya polepole kwenye filamu.

Tundu dogo lina adhabu nyingine: mwanga ukipita kwenye upenyo mwembamba hutawanyika, na picha hupungua makali kidogo. Weston hakuikuza negativi. Aliilaza moja kwa moja juu ya karatasi ya picha, ikatoka kwa ukubwa uleule, na kasoro hiyo haikupata nafasi ya kukuzwa.

Kilichotoka ni hoho iliyojikunja kama mgongo wa mtu mwenye misuli, ngozi yake inang'aa, kila mkunjo umekamilika. Mwaka 1932, Weston na wapiga picha wenzake, wakiwemo Ansel Adams na Imogen Cunningham, waliunda kundi, wakaliita f/64, namba ya tundu dogo. Kila anayebana tundu hununua undani kwa muda. Weston alilipa muda huo wote, bila kupunguza hata dakika, na ndiyo maana kila mkunjo wa hoho ile bado unasomeka.