Bei ya Jina: Siasa katika Filamu ya Pickup on South Street

Wahakiki wengi huzisoma filamu za taharuki zilizotengenezwa Hollywood baada ya Vita vya Pili vya Dunia kama mafumbo: adui aliyejificha ni ukomunisti, ama ni hofu yenyewe ya ukomunisti, na kazi ya mhakiki ni kuutafuta ufunguo. Usomaji huo una mantiki yake. Mnamo 1947, na tena kuanzia 1951, kamati ya Bunge la Marekani iliwahoji waandishi na waelekezi wa filamu na kuwataka wawataje wenzao. Waliokataa walinyimwa kazi, na baadhi yao wakafungwa. Katika mazingira hayo fumbo lilikuwa ngao. Hata hivyo, Pickup on South Street (1953) ya Samuel Fuller inauonyesha upungufu wa mkabala huo.

Kijuujuu, filamu hii haifumbi chochote. Skip, mchopozi, anachopoa pochi kutoka mkoba wa Candy katika garimoshi la chini ya ardhi jijini New York. Ndani yake mna mikrofilamu yenye siri za serikali inayopelekewa wakomunisti, jambo ambalo Candy mwenyewe halijui. Polisi wanamtaka Skip airudishe kwa ajili ya nchi, naye anawadhihaki. Fuller alisimulia baadaye kwamba dhihaka hiyo ilimkera J. Edgar Hoover, mkuu wa FBI.

Ilipoingizwa sauti za Kifaransa, filamu hii ilipewa jina la Le Port de la drogue, na majasusi wakageuzwa kuwa walanguzi wa dawa za kulevya. Kisa kiliendelea kusimama. Hapa ndipo penye uzito. Ikiwa ukomunisti unaweza kung'olewa na jengo lisianguke, basi siasa ya filamu hii haimo ndani ya ile mikrofilamu.

Imo ndani ya Moe. Kikongwe huyu, aliyeigizwa na Thelma Ritter kwa ustadi usiosahaulika, huuza tai mitaani na majina ya wezi kwa polisi. Anaweka akiba ili asizikwe katika makaburi ya mafukara. Anamuuza Skip kwa polisi, kisha anamuuza tena kwa Candy, na Skip hamchukii. Anaelewa kwamba sharti naye ale. Lakini Joey, jasusi mwenye bastola, anapokuja kulitafuta jina lilo hilo, Moe anakataa, hata kwa fedha. Amechoka, santuri inazunguka pembeni, na risasi inalia pale wimbo unapokwisha.

Onyesho hili lina pande mbili, na mhakiki asiharakishe kuchagua. Moe anakiri kwamba kuhusu wakomunisti hajui lolote ila hawapendi, na hapo itikadi rasmi imepata inachokidai. Lakini mwaka mmoja tu kabla, mwelekezi Elia Kazan alikuwa ameitajia kamati majina, na katika On the Waterfront (1954) akamfanya msema-yote kuwa shujaa. Fuller anampa heshima anayefumba mdomo. Si lazima alikusudia kumjibu yeyote. Hakuwa mtu wa mrengo wa kushoto, na kumvika vazi hilo ni kuipotosha kazi yake. Yatosha kwamba katika ulimwengu wake jina la mtu lina bei, kila mnunuzi anafahamika, na uzalendo ni mnunuzi mmojawapo.

Serikali inayoitamani mikrofilamu haijishughulishi na maiti ya Moe. Ni Skip anayelifuata jeneza kwenye tishari linaloelekea makaburi ya mafukara, akalichukua ili amzike. Anapowaandama majasusi hatimaye, kinachomsukuma ni kipigo alichopata Candy, wala si bendera. Katika onyesho la mwisho, kapteni wa polisi anabashiri kwamba Skip atarudi kuchopoa kabla ya mwezi kwisha. Candy anamwambia waweke dau.