Sikukuu na Mtu wa Nyuma ya Kaunta

Watu wengi wanaolalamika kwamba sikukuu zimegeuka biashara, kwa kweli huwa wanalalamikia bei. Mchele umepanda, mafuta ya kula yamepanda, kitambaa cha shati la mtoto kimepanda, na nauli ya basi kutoka Songea nayo haishikiki. Malalamiko hayo ni ya haki, wala mimi si mtu wa kuyabeza, maana nami hununua kwa bei hizo hizo. Lakini naona yanatupitisha kando ya jambo lenyewe. Bei zikishuka mwakani tutanyamaza, na kile kilichoharibika kitabaki kimeharibika. Ninalotaka kulizungumza hapa si bei ya kitu kinachouzwa siku ya sikukuu, bali ni mtu anayekiuza.

Kwetu Mbinga biashara na sikukuu wamejuana siku nyingi. Kahawa huchumwa kuanzia katikati ya mwaka, na fedha yake huingia mifukoni kidogo kidogo, kadiri soko linavyokwenda. Enzi za ushirika mkulima alilipwa kwa mikupuo: malipo ya awali, kisha ya pili, na mwisho masazo. Soko lilipofunguliwa katika miaka ya 1990, alianza kulipwa taslimu na wanunuzi binafsi waliofika na mizani zao. Mwaka 2018 serikali ikairudisha kahawa kwenye vyama vya msingi na minada. Njia hizo tatu zilitofautiana, lakini katika zote mfanyabiashara wa mjini alijua jambo moja: kufika Desemba, mwenye shamba ana chochote, na watoto wake wanamtazama. Ndiyo maana wiki ile cherehani za mafundi hulia hadi usiku, marobota ya mitumba hufunguliwa kandokando ya barabara, na kreti za soda hupangwa hadi darini.

Sioni ubaya katika hayo. Mtoto anayevaa gauni jipya mara moja kwa mwaka na kwenda nalo kanisani hajanunuliwa na ubepari; amefurahi. Na mzazi anayetoa fedha ya kahawa kununua kilo mbili za mchele, huku akijua kwamba Januari inamsubiri na sare za shule na mbolea, anafanya hesabu yake mwenyewe. Tusimhubirie.

Kilichobadilika ni siku yenyewe. Nilipokuwa kijana, tarehe 24 ilikuwa siku ya kununua na tarehe 25 siku ya kula. Aliyesahau chumvi alimwendea jirani. Mwenye duka, ambaye duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, aliweza kugongewa dirisha akatoa kibiriti huku bado anatafuna; lakini alikuwa kwake, na wanawe, na sufuria yake ilikuwa jikoni hapo nyuma. Tena kulikuwa na mapatano ambayo hayakuandikwa na mtu. Mwislamu alifungua duka siku ya Krismasi, na Mkristo akafungua siku ya Idd, hivyo kila mmoja akamlindia mwenzake pumziko lake. Mapatano yale yalikuwa na hekima kuliko hotuba nyingi za kuvumiliana nilizozisikia tangu hapo.

Siku hizi pita mjini Mbinga mchana wa Krismasi. Duka la jumla liko wazi, kibanda cha fedha za simu kiko wazi, na baa ndiyo usiseme. Lakini mwenye mali hayupo. Yuko kwake anakula, na funguo ziko kwa kijana wa miaka 20 aliyetoka kijijini, ambaye chakula chake cha sikukuu ni chipsi katika mfuko wa plastiki, anachokila kwa kuvizia kati ya mteja na mteja.

Binti wa dada yangu ni mmoja wa vijana hao. Kwao ni Mbamba Bay, kando ya ziwa, na yeye anauza katika duka moja hapa mjini ambalo sitalitaja. Zamani, mvua za Desemba zikianza, kushuka ziwani kutoka Mbinga kulikuwa safari ya kuandikia wosia. Gari lilikwama mlimani na watu walilala njiani. Sasa kuna lami ya kilomita zipatazo 66, na mtu anaweza kuondoka baada ya chai akawahi chakula cha mchana kwao. Pamoja na hayo yote, binti huyu hajala Krismasi na mama yake kwa miaka mitatu. Nilipomuuliza kwa nini haombi ruhusa, alinijibu kwa upole, “Mjomba, nikishuka tarehe 24, nikirudi tarehe 27 nitamkuta mwenzangu kwenye kaunta.” Dada yangu humwekea fungu lake la samaki kila mwaka, na kila mwaka fungu hilo huliwa na watoto wa jirani. Barabara imekuja, lakini mtoto hafiki.

Tusidhani kwamba haya yametupata kwa sababu sisi ni maskini. Nchi iliyo tajiri kupita zote imepita njia hiyo hiyo. Wamarekani wana Siku ya Kutoa Shukrani, ambayo huangukia Alhamisi ya nne ya Novemba, na desturi yake ni moja tu: watu wa nyumba moja kukaa meza moja. Mwaka 1939 Rais Franklin Roosevelt aliamuru siku hiyo iadhimishwe wiki moja mapema, kwa sababu Novemba ya mwaka ule ilikuwa na Alhamisi tano, na wenye maduka walihofu kwamba siku za kuuza kabla ya Krismasi zingekuwa chache mno. Majimbo yakagawanyika, mengine yakifuata tarehe ya rais na mengine ile ya zamani, hadi sheria ya mwaka 1941 ilipokata shauri. Baadaye Ijumaa inayofuata ikawa siku kuu ya manunuzi. Maduka yakashindana nani atafungua mapema zaidi: alfajiri, kisha usiku wa manane, hata katika muongo wa 2010 mengi makubwa yakawa yanafungua Alhamisi yenyewe jioni. Muuzaji akaondoka mezani kabla mezani hapajatandikwa.

Waliambiwa, kama tunavyoambiwa sisi, kwamba haiwezekani kufanya vinginevyo; mteja anataka, na jirani akifungua nami lazima nifungue. Walakini majimbo ya Massachusetts, Rhode Island na Maine yana sheria zinazoyazuia maduka makubwa kufungua siku ile, na watu wake hawajafa njaa. Kisha mwaka 2020, kwa ajili ya UVIKO-19, maduka makubwa mengi nchini humo yalifunga Alhamisi hiyo ili kuepuka misongamano. Mwaka uliofuata kampuni ya Target ikatangaza kwamba kwake imekuwa desturi: siku hiyo haifungui tena. Sisemi kwamba walitubu. Huenda walipiga hesabu wakaona kwamba mteja yule yule hununua siku nyingine, au kwa simu yake. Lakini jambo lililoitwa lisilowezekana liliwezekana, na hilo latosha kutufundisha.

Hapa kwetu sheria haikukaa kimya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amlipe mwajiriwa anayefanya kazi siku ya sikukuu mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Ni sheria nzuri. Lakini ili sheria hiyo imfikie mtu, lazima kwanza akubalike kuwa ni mwajiriwa. Vijana wengi wa madukani kwetu hawana mkataba wala hati ya malipo. Mwenye duka humwita binti “mwanangu,” naye humwita mwenye duka “baba” au “mama.” Maneno hayo ni matamu, na mara nyingine yana ukweli ndani yake, lakini yana hila pia. Akivunja chupa, yeye ni mfanyakazi na atakatwa. Akiuliza malipo ya sikukuu, yeye ni mtoto wa nyumbani, na mtoto wa nyumbani hadai.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba Desemba ndiyo inayombeba mwenye duka hadi msimu mwingine wa kahawa, na kwamba siku moja ya Krismasi inauza kama wiki nzima ya Februari. Nayakubali hayo. Nitaambiwa pia kwamba wapo wengi wanaofanya kazi sikukuu na hakuna anayewalilia: wauguzi wa hospitali za Litembo na Liuli, dereva wa basi, askari. Hata mvuvi wa usipa katika Ziwa Nyasa huvua kwa taa katika usiku wa giza, na giza hilo halijui kama ni mkesha wa Noeli. Ni kweli. Lakini mama anayejifungua hawezi kungoja kesho, na usipa haungoji mtu. Betri ya redio yaweza kungoja. Kati ya kazi isiyongoja na kazi inayoweza kungoja kuna mpaka, na kila mtu mzima anaujua mpaka huo, ijapokuwa tunajifanya hatuuoni.

Wengine watanishitaki kwamba nataka kuyafukuza mabadilishano ya fedha kutoka katika sikukuu, kana kwamba fedha ni najisi. Sivyo hata kidogo. Sikukuu hubadilika, na biashara huingia, na mara nyingine huingia kwa heshima. Sabasaba ilikuwa siku ya kukumbuka kuzaliwa kwa TANU mwaka 1954. Leo wengi wakiisikia wanafikiria maonyesho ya biashara ya Dar es Salaam, na wakulima wamepata siku yao nyingine, Nane Nane. Tena, soko lenyewe limo ndani ya kanisa. Siku ya mavuno waumini huleta mahindi, maharage, ndizi na kuku, na baada ya ibada hupigwa mnada hapo nje. Nimemwona jogoo akinunuliwa kwa bei mara tatu ya bei ya sokoni, kisha mnunuzi akamrudisha anunuliwe tena na mwingine, watu wakishangilia. Hapo kuna kuuza na kununua, lakini kila aliyepo ni mwenye sikukuu. Anayenadi anacheka, anayenunua anatoa, na aliyemleta jogoo amesimama katikati yao. Hakuna aliyefungiwa nyuma ya meza ili wengine wafurahi. Hiyo ndiyo tofauti ninayoitafuta, na haipimwi kwa shilingi.

Wamatengo walikuwa na sengu, baraza la ukoo ambalo watu walikula pamoja na kuzungumza mambo yao. Tusiisifu zamani kupita kiasi. Waliokaa kwenye sengu walikuwa wanaume, na wanawake ndio waliopika na kubeba. Nyuma ya kila karamu ya kale palikuwa na mtu aliyetoka jasho, na haki haikugawanywa sawa. Lakini aliyepika alikula kutoka chungu kile kile, na jina lake lilijulikana. Muuzaji wetu wa Krismasi hali katika chungu chetu. Wengi wetu hatujui hata jina lake. Tunamwita “dada” tunapotaka atuharakishie chenji.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, sina ombi kubwa. Siombi serikali ifunge maduka kwa virungu, wala siombi Mbinga irudi kwenye enzi ya dirisha la kugonga. Naomba mambo matatu yanayowezekana Krismasi ijayo. Wenye maduka wa mtaa mmoja wakae waelewane kupokezana, kama wazee wetu walivyopokezana kwa dini zao, ili duka moja liwe wazi asubuhi na mengine yafungwe. Anayemwacha kijana kaunta amlipe mara mbili kama sheria isemavyo, tena ampe siku nyingine ya kwenda kwao, bila kumwonyesha kwa jicho kwamba nafasi yake ina mwenyewe.

Na la tatu linatuhusu sisi wanunuzi, ambao ndio tunaosingiziwa kila mara kwamba tunataka. Kweli tunataka? Hebu tuulizane. Kuna kitu gani katika duka la Mbinga mchana wa tarehe 25 ambacho hakikuwapo tarehe 24? Chumvi ni ile ile, soda ni ile ile. Mwenye duka hufungua kwa sababu tunakwenda, na kila anayekwenda bila lazima hushika funguo pamoja naye. Tununue siku moja kabla. Kilichosahaulika tukiombe kwa jirani, maana kuomba chumvi kwa jirani nako ni sehemu ya sikukuu, na jirani anayeombwa chumvi atajua kwamba nyumba yenu ina watu. Hapo vijana walioko nyuma ya kaunta watakosa wateja, na wasio na wateja waweza kuruhusiwa kupanda basi la asubuhi kushuka ziwani.