‘Sarafu fiche’ ni jina linalompotosha mwenye duka

BAADHI ya wanahabari na wafasiri wetu wamezoea kuziita bitcoin na jamaa zake ‘sarafu fiche’. Istilahi hii sasa inabisha hodi madukani. Mtaani Kibera, Nairobi, wapo wauza mboga wanaopokea bitcoin kwa simu. Zipo pia programu kama Tando, ambapo mnunuzi hulipa kwa bitcoin naye muuzaji akapata shilingi katika M-Pesa yake. Hata mama muuza omena wa Sindo, kaunti ya Homa Bay, anaweza kulipwa hivyo bila kujua.

Tulipime neno lenyewe. Fiche ni kitu kisichoonekana, kilichositirika. Lakini daftari la miamala ya bitcoin liko wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Kinachofichwa ni ufunguo wa siri wa mwenye pesa. Wafasiri waliazima ‘fiche’ kutoka ‘usimbaji fiche’, ufundi wa kulinda ujumbe kwa misimbo, wakaibandika kwenye sarafu. Sifa ya kufuli wamevishwa pesa!

Athari yake si ndogo. Mwambie yule mama ‘sarafu fiche’, atadhani ni magendo au mambo ya ‘wash wash’. Tapeli naye hulifurahia jina hilo. Akiulizwa swali hujibu, “Ni fiche, mama, wewe nipe tu simu.”

Kiswahili hakijawahi kuogopa pesa ngeni. Pesa ilitokana na paisa ya Wahindi, hela na heller ya Wajerumani. Tangu 2007, M-Pesa imeenea kwa maneno mepesi: tuma, toa, lipa, salio. Nani alihitaji kamusi?

Kwa hivyo ninapendekeza ‘sarafu ya mtandaoni’. Jina hili halitishi wala halidanganyi. Ila jina pekee halitoshi. Sheria ya 2025 ya kudhibiti watoaji wa huduma hizi imeandikwa kwa Kiingereza, ilhali Kiswahili ni lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Mwenye duka anastahili kuambiwa kwa Kiswahili sanifu na chepesi: thamani ya bitcoin hupanda na kushuka; halazimiki kisheria kuipokea; na tofauti na M-Pesa, ambapo unaweza kuomba pesa zirudishwe ukikosea nambari, bitcoin ikienda imeenda.

Asipoelezwa hayo, kitakachokuwa fiche ni hasara yake.