Bastola, Nukta na Mlio: Uhakiki wa Istilahi za Tafsiri Moja

Mwenzetu mmoja, mfasiri wa siku nyingi, alituletea tafsiri ya makala ya Kimarekani akatuomba tuipime kabla hajaikabidhi kwa waliomwagiza. Makala yenyewe yaeleza namna mwenye bastola ya kawaida anavyoweza kuibadili kwa kuifunga kilengeo chenye nukta nyekundu juu yake, na kifaa cha kupunguza mlio mwishoni mwa mtutu. Sarufi ya tafsiri hiyo haina kasoro kubwa, na Kiswahili chake kinasomeka. Lakini tulipoimaliza tulijikuta tumeelewa mambo manne kinyume na yalivyo, na yote manne yalitokana na istilahi. Ndiyo maana tumeona vema kuyajadili hapa badala ya kumjibu mwenzetu faraghani.

Huenda msomaji akauliza: sisi na mapambo ya bastola za Wamarekani wapi na wapi? Swali hilo ni la haki. Katika nchi yetu silaha za moto zinasimamiwa na sheria ya mwaka 2015, na hatuandiki hapa ili kumfundisha mtu kufunga chochote. Lakini maneno hayasubiri leseni. Yanaingia katika tafsiri za filamu, katika riwaya za upelelezi, katika mikataba ya kimataifa na katika majalada ya polisi. Tena, tangu sheria zilipofanyiwa marekebisho mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu. Neno ambalo zamani lilimpotosha msomaji wa riwaya tu, sasa laweza kumpotosha hakimu.

Tuanze na kichwa cha makala. Mfasiri ameandika “kubinafsisha bastola”. Tunajua alikolitoa neno hilo: wataalamu wa kompyuta hulitumia kwa maana ya kukifanya chombo kimfae mtumiaji wake. Lakini kwa wananchi walio wengi, hasa waliokuwa watu wazima katika miaka ya 1990, kubinafsisha ni kuhamisha mali ya umma iwe mali ya mtu binafsi. Msomaji wa namna hiyo atadhani habari inahusu bastola ya Serikali iliyouzwa. Fundi cherehani hapati shida hii. Yeye husema nguo ya dukani na nguo ya kushona kwa kipimo. Kwa maoni yetu hapahitajiki neno moja. Mahali makala yanaposema kuongeza kifaa, na isemwe “kuongezea kifaa”. Mahali yanaposema kuchonga au kubadili sehemu ya silaha yenyewe, na isemwe “kurekebisha”. Tofauti hiyo si ndogo. Mtu aliyefunga kifaa kinachoweza kufunguliwa na mtu aliyekereza chuma cha silaha hawakufanya jambo moja, na sheria za nchi nyingi hazikuwapa uzito mmoja.

Jambo la pili ni nukta nyekundu. Mfasiri ameiita “mwale mwekundu wa kulengea”, na mahali pengine “taa ya leza”. Hapa kosa ni la maana, wala si la mtindo. Kilengeo cha leza hutupa mwali wa mwanga hadi kwenye shabaha, na doa lake laweza kuonekana na yeyote aliye karibu, hata na anayelengwa. Kilengeo cha nukta hakitupi kitu kwenye shabaha. Ndani yake mna taa ndogo inayomulika kioo kilichopinda. Kioo hicho huirudisha nuru kwenye jicho la mlengaji, naye huiona nukta kana kwamba inaelea mbele, juu ya kile anachokitazama. Ni yeye peke yake aionaye. Wazo hili ni la zamani: Howard Grubb, mtengenezaji wa darubini wa Dublin, alibuni kilengeo cha kuakisi mwaka 1900. Mwaka 1975 kampuni ya Aimpoint ya Sweden ilitoa kilengeo chake cha kwanza cha nukta kinachotumia umeme. Na jeshi la Marekani lilipoichagua bastola ya SIG Sauer P320 mwaka 2017 na kuiita M17, bastola hiyo ilikuwa imekwisha kutayarishiwa mahali pa kufungia kilengeo cha aina hiyo.

Sasa tuseme shahidi anaulizwa mahakamani kama aliona “mwale mwekundu” kifuani mwa marehemu, naye anajibu kwa kiapo kwamba hakuona. Ikiwa hati ya mtaalamu imetafsiriwa kama alivyotafsiri mwenzetu, shahidi huyo ataonekana ama kipofu ama mwongo, ilhali amesema kweli tupu: hapakuwa na mwale wa kuonwa. Kosa la mfasiri lingekuwa limeandikwa katika mwenendo wa shahidi.

Tunapendekeza basi jamii moja ya istilahi kutoka mzizi mmoja. Kitenzi tunacho: kulenga. Ukikitia katika hali ya kutendea na kukipa umbo la ala, kama tulivyozoea katika kipimio na kifungulio, unapata “kilengeo”, yaani kitu cha kulengea. Kutoka hapo tutakuwa na kilengeo cha chuma, kwa vile vinundu viwili vya asili vilivyo juu ya bastola. Kilengeo cha nukta. Na kilengeo cha leza. Mtu akiyasoma maneno haya matatu atajua kwamba ni ndugu, na atajua pia kwamba hawafanani. Mwenzetu ameviita vilengeo vya chuma “macho ya chuma”, cha nukta “mwale”, na cha leza “taa”. Hakuna awezaye kukisia kwamba vyote vitatu vina kazi moja.

Katika sehemu hiyohiyo tumekuta sentensi hii: nukta hiyo ni ya “dakika tatu”. Msomaji wetu wa kwanza, ambaye ni mwalimu, alidhani kwamba taa huzimika baada ya dakika tatu. Na kwa kuwa neno nukta katika matumizi ya zamani lilikuwa pia na maana ya sekunde, sentensi nzima ilisomeka kama habari ya saa. Kumbe inayosemwa ni dakika ya pembe, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii. Katika umbali wa mita 100, dakika moja ya pembe ni kiasi cha sentimita 2.9, kwa hiyo nukta ya dakika tatu hufunika duara lenye upana wa karibu sentimita 9, na katika mita 25 hufunika kiasi cha sentimita 2. Walimu wa hesabu wanalijua neno hili tangu zamani. Ilitosha kuandika “dakika tatu za pembe”. Istilahi ilikuwapo, kilichokosekana ni neno moja la kuitambulisha.

Jambo la tatu ni dogo. Ile sehemu ya juu ya bastola ambayo hurudi nyuma kila risasi inapotoka, na ambayo ndiyo inayobeba kilengeo, mfasiri ameiita “slaidi”. Neno hilo lina mwenyewe: ni picha inayoonyeshwa ukutani. Tunapendekeza “kitelezi”, maana kuteleza ndiyo kazi yake.

Sasa tufike kwenye jambo la nne, ambalo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Kifaa cha mwishoni mwa mtutu mfasiri amekiita “kinyamazisha sauti”. Wengine, hasa waandishi wa riwaya za upelelezi, hukiita “kiwambo cha kuzuia sauti”. Majina yote mawili tunayahoji.

Kiwambo ni ngozi au kitu kingine kilichowambwa. Ngoma ina kiwambo, na kiwambo cha ngoma hakikuwekwa ili kuzuia sauti, bali ili kuitoa. Kwa haki tukiri kwamba zamani neno hili lisingekuwa mbali na ukweli: katika bastola ya Welrod, waliyoitengeneza Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, mlikuwa na viwambo vya mpira ambavyo risasi ilivitoboa ikipita. Lakini vifaa vya leo vilivyo vingi havina kiwambo. Ni bomba lenye vyumba vilivyotengwa kwa vikingo vyenye matundu. Hewa ya moto ya baruti hutanuka na kupoa humo kidogo kidogo kabla ya kutoka nje.

Na je, kifaa hicho hunyamazisha? La. Mlio wa bastola ya milimita 9 hufikia kiasi cha desibeli 160. Kifaa kizuri huupunguza kwa desibeli 20 hadi 35. Unaobaki bado ni mlio mkubwa, ambao jirani atausikia, ingawa huenda asijue ni wa nini. Tena risasi iendayo kasi kuliko sauti, yaani zaidi ya mita 340 hivi kwa sekunde, hupasua hewa kwa mlio wake yenyewe, ambao hakuna bomba liwezalo kuufikia. Kuzimika kabisa kwa mlio ni jambo la sinema.

Jina la uongo lilianza na mfanyabiashara. Hiram Percy Maxim, mwana wa yule Maxim aliyebuni bunduki ya rashasha, alipata hataza ya kifaa hiki mwaka 1909 na kukiuza kwa jina lenye maana ya kinyamazishi. Leo huko Marekani jina lenyewe limekuwa uwanja wa mabishano. Wanaotaka kifaa kibanwe hupenda jina la kunyamazisha, kwa kuwa linatisha. Wanaotaka kiachiwe hupenda jina la kupunguza, na mswada wao waliuita wa kulinda masikio. Kodi ya dola 200 iliyowekwa mwaka 1934 iliondolewa kuanzia tarehe 1 Januari 2026, ingawa wajibu wa kukiandikisha haukufutwa. Mfasiri wa Kiswahili hana shauri katika ugomvi huo, wala asiuingie bila kujua. Njia salama ni kukiita kifaa kwa kazi yake.

Kazi hiyo imekwisha kutajwa na wanasheria. Itifaki ya Umoja wa Mataifa juu ya silaha za moto, ya mwaka 2001, inapozieleza sehemu za silaha, inataja pia kifaa kilichobuniwa au kurekebishwa ili kupunguza sauti ya kufyatua. Haisemi kunyamazisha. Nchi ikitunga sheria kwa Kiswahili na kukataza “kinyamazisha sauti”, wakili mwerevu atasimama na kusema: kifaa cha mteja wangu hakinyamazishi, kinapunguza tu, hakimo katika sheria hii. Naye hatakuwa amekosea Kiswahili.

Tunapendekeza “kipunguza mlio”. Umbo lake ni la kawaida, kama kipaza sauti na kinasa sauti. Tumechagua mlio badala ya sauti kwa sababu wasemaji wenyewe wamekwisha kuchagua: husema mlio wa risasi, mlio wa bunduki. Yapo maoni kwamba tungechukua “sailensa”, neno ambalo mafundi wa gereji hulitumia kwa bomba la moshi la gari. Hatulidharau. Maxim huyohuyo alitengeneza pia vipunguza mlio vya injini, na hakuna dereva adhaniye kwamba sailensa huifanya lori kuwa bubu. Katika mazungumzo neno hilo na liendelee. Lakini katika sheria na hati, neno linalojieleza lafaa zaidi kuliko neno linalohitaji kuelezwa.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakikuumbwa kwa mambo ya silaha. Historia inawakanusha. Bastola tuliipata kwa Wareno. Risasi ni jina la Kiarabu la madini yenyewe. Na mzinga, uliokuwa wa nyuki, mababu waliuona umbo lake katika chombo kile kipya cha vita wakaupa kazi ya pili. Wao walikitazama kitu kwanza, ndipo wakakipa jina. Mwenzetu alilitazama neno la Kiingereza, akalipa jina. Hiyo ndiyo tofauti, na ndiyo nasaha yetu pekee kwake na kwa wafasiri wote: kabla ya kuuliza neno hili huitwaje, tuulize kitu hiki hufanya nini.

Mapendekezo haya si sheria. Askari, mahakimu, walimu na mafundi wenye maneno bora kuliko kilengeo, kitelezi na kipunguza mlio tunawaomba watuandikie, tuyapime pamoja.