Haikuwa mazabodi

Kompyuta ya mezani ya familia moja ya Magomeni, Dar es Salaam, ilianza kwa kujizima katikati ya kazi. Baadaye ikagoma kuwaka kabisa: ukibonyeza kitufe, feni inashtuka, inazunguka kidogo, kimya. Fundi wa kwanza akawaambia mazabodi imekufa. Kwa mashine ya mtumba, kauli hiyo ni sawa na kuambiwa mkaitupe, maana mazabodi nyingine pamoja na ufundi hukaribia bei ya kompyuta nzima. Inaniuma kauli kama hiyo inapotolewa kabla mita haijatoka mfukoni.

Mama mwenye nyumba alikuwa ameshaeleza jambo la maana, ila hakusikilizwa. "Umeme ukikatika usiku, asubuhi haiwaki. Nikiiacha imechomekwa tu, baada ya muda inakubali." Ndivyo ilivyokuwa kwa wiki kadhaa, hadi siku ilipogoma moja kwa moja.

Maneno hayo yanaliondoa joto kwenye orodha ya washukiwa. Prosesa ikichemka kupita kiasi, nyingi zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, hujizima ili isiungue. Ikipoa, huwaka tena. Hii ilifanya kinyume chake: ikiwa baridi ndipo inapokataa. Feni ya prosesa ilijaa vumbi, nikaisafisha kwa sababu ilistahili kusafishwa, nikaendelea.

Kifaa chenye tabia ya kugoma kikiwa baridi ni kapasita iliyochoka. Pawa saplai ina kapasita kadhaa zenye majimaji ndani, na joto la miaka huyakausha. Zikifika hapo hushindwa kuutuliza umeme unaopita, na zikiwa baridi hali huwa mbaya zaidi. Zikipata uvuguvugu hujikongoja. Halafu kuna jambo wasilolijua wengi: pawa saplai iliyochomekwa ukutani hailali hata kompyuta ikiwa imezimwa. Waya wa zambarau huendelea kupeleka volti 5 kwenye mazabodi, ikisubiri kitufe kibonyezwe. Mkondo huo mdogo ndio uliokuwa ukizipasha kapasita kila asubuhi baada ya umeme kurudi.

Ikabaki kupima. Nilichomoa hadidiski, kisomea CD na ramu ya pili. Tatizo likabaki lilelile, kwa hiyo hakukuwa na shoti kwenye vifaa hivyo. Mita kwenye waya wa zambarau ilisoma volti 4.4, wakati haipaswi kushuka chini ya 4.75. Kisha nikatoa plagi ya pini 24 kwenye mazabodi, nikaunganisha waya wa kijani na mmoja wa nyaya nyeusi kwa kipande cha waya, ili pawa iwake yenyewe bila kusubiri amri ya mazabodi. Feni yake ikazunguka vizuri.

Hapa ndipo mazabodi nyingi nzima zinapotupwa. Fundi akiona feni inazunguka husema pawa haina neno, na lawama zote zinahamia kwenye mazabodi. Lakini feni inakula umeme kidogo mno. Nilichomeka hadidiski iwe mzigo, nikapima waya wa njano na mweusi. Zinatakiwa volti 12, na kikomo cha chini ni 11.4. Mita ilishuka hadi 10.7, ikayumba, pawa ikajizima mbele ya macho yetu.

Nilimulika tochi kwenye matundu ya kava. Kapasita mbili zilikuwa zimevimba vichwa, na chini ya mojawapo kulikuwa na ukoko wa kahawia uliovuja. Sikufungua kava, na vijana wanaojifunza kazi hii nawasihi wasifungue: kapasita kubwa ya upande wa ukutani inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya. Inaua.

Tulitafuta pawa nyingine. Usivutiwe na wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa; soma lebo uone inatoa ampia ngapi kwenye volti 12, kwani huko ndiko prosesa inakochota umeme wake. Tulipoifunga, kompyuta iliwaka kwa bonyezo la kwanza, ikaomba tarehe na saa kwa sababu betri yake ndogo ya CR2032 ilikuwa imeisha. Tukaibadilisha. Watoto wakafungua video, nami nikaacha mita kwenye waya wa njano muda wote ilipokuwa ikicheza: 12.1, bila kuyumba.