Mtu ni Afya na Sera ya Kujitunza

Serikali inapowakabidhi raia dhamana ya kuitunza siha yao wenyewe, jambo la kwanza la kuulizwa ni njia gani waliyotengenezewa ya kulitenda lile waliloelezwa; na kwa mizani hiyo kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa Tanzania mwaka 1973, yastahili kutazamwa upya na kila mwenye kuandika sera ya kujitunza katika zama zetu hizi.

Kampeni ile, iliyosimamiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ilidumu kwa majuma 12, na washiriki wake walikaribia milioni 2. Kwa kuwa haikuwezekana walimu wachache wa Dar es Salaam kuufikia umma mkubwa namna ile, mafunzo yaliteremshwa daraja baada ya daraja, waliofundishwa juu wakiwafundisha wa chini yao, hata wakapatikana viongozi wa vikundi wapatao 75,000, aghalabu watu wa vijiji vile vile walivyoviongoza.

Utaratibu wa kikao ulikuwa sahali. Wanakikundi walisikiliza kipindi cha Radio Tanzania. Kisha kiongozi akasoma kijitabu kwa sauti, ili asiyejua kusoma asikose fungu lake. Kisha wakajadiliana kuhusu maradhi yaliyotajwa, ikiwa ni malaria, kichocho, safura, kuhara damu au kifua kikuu. Na mwisho wakakata shauri la kazi ya kufanywa, kama kufyeka majani na kufukia madimbwi yaliyouzunguka mji, au kuchimba choo. Hapo ndipo ilipokuwa nguvu ya mpango mzima, kwani mtu aliyeahidi mbele ya jirani zake kuchimba choo hukutana nao kisimani na shambani, na shimo lisilochimbwa halifichiki. Vyoo vilivyojengwa vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu.

Hata hivyo, majuma 12 ni muda mfupi kwa jambo lisilo na ukomo: choo hujaa, madimbwi hurudi na masika, na watoto waliozaliwa baada ya kampeni hawakuisikia redio ile. Kwa hiyo mpango wa namna hii, usipopewa mlezi wa kudumu, huacha majengo bila ya kuacha ada.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kujitunza, na katika mwaka huo huo Tanzania ikairekebisha sheria yake ya UKIMWI ili kuruhusu mtu kujipima VVU mwenyewe. Tazama basi jinsi kazi ilivyogeuka. Mwenye kutumia kipimo cha kinywani hupitisha kijiti juu ya fizi, akakitia katika kichupa chenye maji yake maalumu, akangoja dakika 20, naye hutakiwa asome majibu kabla ya dakika 40 kupita. Mistari miwili ikitokea, hiyo bado si hukumu, maana ni lazima majibu yathibitishwe katika kituo cha afya. Hapa jirani hayupo, na faida kubwa ya kipimo ni kwamba hayupo, kwa kuwa wengi huikwepa kliniki kwa kuchelea kuonekana. Lakini faragha hiyo hiyo humwacha mtu peke yake katika saa anayomhitaji mwenziwe zaidi kuliko saa zote.

Kwa hiyo nafasi ya kiongozi wa kikundi haina budi kujazwa: kwa mhudumu wa afya wa mtaani atakayemwelekeza mtu kabla hajachukua kipimo, kwa nambari ya simu isiyo na malipo, na kwa kituo kitakachompokea bila ya kumhoji mbele za watu. Haya yote yana gharama, na sera inayohesabu bei ya vipimo ikayasahau haya imekwepa wajibu wake. Basi wenye kupanga bajeti na waache kujivunia idadi ya vipimo vilivyogawiwa, watuonyeshe ni wangapi waliofika kuthibitisha majibu yao, na wangapi walioanza dawa.