Sanamu na Mahali Pake

Tumezoea kudhani kuwa sanamu ni kitu cha kutazamwa: mtu husimama mbele yake, huitazama sura, kisha huenda zake. Lakini ziko sanamu zisizo na sura ya mtu wala ya mnyama, ambazo haziwezi kujulikana mpaka mwili mzima ushiriki.

Chukua, msomaji, mfano wa Richard Serra, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1938 na kufariki mwaka 2024. Mwaka 1981, kwa agizo la serikali, alisimamisha katika uwanja wa Federal Plaza, New York, ukuta wa chuma cha pua uliopindika na kuinama kidogo. Urefu wake ulikuwa futi 120, kimo futi 12. Haukupakwa rangi, maana chuma cha namna ile hujikinga kwa kutu yake chenyewe. Aliuita Tilted Arc, yaani Tao Lililoinama.

Jifanye karani apitaye hapo kwenda kazini. Jana ulikata uwanja moja kwa moja. Leo huna budi kuzunguka. Upande mmoja ukuta waonekana kukuelemea; upande wa pili waonekana kukukwepa. Shingo yainuka, hatua zapungua, na uwanja uliouvuka zamani bila ya kuujali sasa waujua kwa miguu yako. Hilo ndilo alilokusudia msanii.

Wengi waliokuwa wakifanya kazi hapo walichukizwa. Machi 1985 palifanyika baraza la kusikiliza maoni: watu 122 waliutetea ukuta, 58 wakataka uondolewe. Serra alikataa usihamishwe kwingine, akidai kuwa ulifanywa kwa mahali pale tu, na kuuhamisha ni kuuharibu. Alishindwa mahakamani, na Machi 1989 ukuta ulikatwa vipande, ukachukuliwa ghalani.

Nani alikuwa na haki? Naona hoja ya Serra ni ya kweli: ondoa mahali, na kilichobaki ni chuma kitupu. Lakini hoja hiyo hiyo yamhukumu. Ikiwa mahali ni sehemu ya kazi, watu wa mahali pale ni sehemu yake pia. Mwendo wao ulifikiriwa. Ridhaa yao haikutafutwa. Mgeni mwema hubisha hodi.

Basi, ukutanapo na sanamu, usiridhike na macho. Izunguke, uisikilize miguu yako, kisha ujiulize: imewapa nini wenyeji, na imewanyima nini?